Miti ya Juu ya Chemchemi

Zamu ya Lusia ilikuwa Jumatano, saa moja hadi saa nne asubuhi. Alifika shambani mapema, akaondoa tope lililoziba mlango wa mfereji wake, akasimama na jembe begani akisubiri. Saa moja ikapita kavu. Ilipokaribia saa mbili ukaja unyevu ukitambaa katikati ya mfereji, ukalowesha hatua tatu za tuta la kwanza, ukanywewa na nyufa. Kabichi zake zilikuwa zimebakiza wiki tatu kuvunwa. Majani ya nje yalikuwa yamelegea tangu jana, na sasa hata ya ndani yalianza kupoteza ule ung'aavu wake.

"Selestina huyu," alisema peke yake, akapanda.

Selestina, jirani yake wa upande wa juu, alikutwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akitazama karoti zake kama mtu aliyefiwa. Mfereji wake ulikuwa mkavu kuliko wa Lusia.

"Usiniangalie hivyo, Mama Angela," alisema kabla hajasalimiwa. "Na mimi nilikuwa nimejiandaa kwenda kumtukana Lazaro, huyo wa shamba la juu yangu. Nimefika kwake, naye amekaa tu. Kakupita wewe kwa njaa ya maji."

"Basi banio limeziba."

"Mwambie mumeo. Si ndiye mwenyekiti wa kamati? Sisi tunalipa michango ya nini?"

Silvanus, mume wa Lusia, alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji na mazingira ya kijiji kwa mwaka wa kumi na moja sasa. Kazi hiyo haikuwa na mshahara. Ilikuwa na fulana ya kijani iliyoandikwa maneno ya kutunza misitu, ufunguo wa kizuizi cha barabara iendayo msituni, na lawama za watu wote kuanzia kijiji cha Qurus hadi huko juu. Alikuwa amewatoza watu faini kwa kukata fito. Aliwahi hata kumnyang'anya dada yake mwenyewe panga mbele ya wageni wa harusi.

Lusia akaendelea kupanda kuufuata mfereji.

*

Kwenye banio, pale wanaposimamisha maji ya chemchemi kabla ya kuyagawa, alikuta maji membamba kama kidole. Hapakuwa na kilichoziba. Hakuna jani, hakuna jiwe. Maji yenyewe ndiyo hayakuwepo.

Akanusa. Harufu ya mbao mbichi ilikuwa ikishuka na upepo, nyuma yake ikifuatia harufu ya moshi uliofukiwa. Akazunguka mwamba wa chemchemi, akaingia msituni, na hapo akasimama. Tangu aolewe, miaka ishirini na mmoja, hakuwahi kuona jua likigusa ardhi mahali pale. Asubuhi za Julai na Agosti, wakati bonde zima limekauka, ukungu ulikuwa ukipanda kutoka upande wa Ngorongoro, ukanaswa na majani ya miringaringa na miloliondo, ukadondoka matone mfululizo mpaka kanga ya mtu inalowa na hakuna mvua. Walioishi chini walikuwa wakiyanywa matone hayo bila kujua.

Sasa jua lilikuwa limejaa tele kama uwanjani. Visiki vilikuwa vimetapakaa mteremko wote, vingine vingali vinatoa utomvu, vingine vya muda mrefu vimeshaanza kuwa vyeusi. Walikuwa wameanza mbali, ndani, mahali ambapo watu hawapiti, na taratibu wakaja kuifikia chemchemi. Kando kulikuwa na matanuri mawili ya mkaa yakifuka, na rundo la mbao zilizopangwa vizuri kama za dukani.

Vijana watatu walikuwa wamepumzika juu ya mbao hizo. Mmoja alipomwona akaruka chini kwa furaha.

"Afadhali! Shikamoo mama. Njaa ilikuwa inatumaliza." Akamtazama mikono. Aliona jembe tu. "Chakula hujaja nacho?"

"Chakula gani?"

"Mzee alisema leo tutaletewa makande. Si wewe ndiye Mama Angela? Nilikuona kanisani siku ile, ukiwa na mzee Silvanus."

Lusia alishusha jembe begani. "Mnafanya kazi ya nani?"

"Ya Philbert, yule wa mbao pale mjini Karatu." Kijana alianza kuhisi kwamba amekosea, lakini hakujua wapi. "Mama, mzee hajakwambia? Ametufungulia kizuizi mwenyewe. Kasema tumalize huu upande kabla ya Ijumaa, Fuso ije ipakie."

"Nimesahau," Lusia alisema. "Nimesahau makande nyumbani."

Akageuka. Nyuma yake kijana mwingine alisema kwa sauti ya chini, "Huyo hakuwa anajua, bwana," na wa tatu akacheka.

*

Silvanus alikuwa uani akipiga nyundo ulimi wa jembe la kukokotwa. Lusia aliweka jembe lake chini, akaketi kwenye ngazi ya mlango.

"Vijana wako wana njaa," alisema.

Nyundo ikasimama hewani. Kisha Silvanus akaishusha polepole, akaiweka kando kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Ulikwenda huko kufanya nini?"

"Kufuata maji yangu. Baba Angela, uliniambia ada ya mtoto imetoka kwa yule dume uliyemuuza mnadani."

"Ilitoka kwa dume."

"Yote?"

"Dume aliishia muhula wa kwanza." Sauti yake haikuwa ya mtu anayejitetea, ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Muhula wa pili ulidhani nani amelipa? Na sare, na viatu vyeupe, na zile siku za mazoezi hospitalini? Uliniuliza? Ulifurahi tu. Uliwaambia watu kanisani mwanao anasomea uuguzi Mbulu. Mimi nilisimama pembeni yako."

Ilikuwa kweli, na Lusia alijua. Aliliona tena lile gauni jeupe Angela alilolivaa likizo ili mama yake amwone, akizunguka sebuleni kama bibi harusi.

"Philbert alisema miti michache, tena ya ndani," Silvanus akaendelea. "Nikasema michache haina neno. Akirudi, anataka mingine. Nikikataa, ananiambia atasema ya kwanza nilimpa mimi. Ningefanya nini?"

"Ungeniambia."

"Halafu wewe ungefanya nini?"

Kuku alipita kati yao akidonoa makombo. Lusia alimtazama mpaka akaishia nyuma ya banda.

"Watu wakijua?"

"Nani atawaambia? Wewe?" Silvanus aliokota nyundo. "Miaka kumi na moja nimeulinda ule msitu bure. Wameniita mbwa wa mtendaji. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniletea kikombe cha maziwa. Huyo Koinet peke yake ndiye alikuja kuniambia wiki mbili zilizopita kwamba anasikia msumeno. Nikamwambia nitafuatilia."

Koinet alikuwa Mmasai wa Endulen aliyehamia pale na mbuzi wake kumi na wawili, akawa anachunga ng'ombe wa familia tano, pamoja na wawili wa Lusia. Kibanda chake kilikuwa ukingoni mwa msitu.

"Basi yeye anajua," Lusia alisema.

"Anajua kuna msumeno. Hajui wa nani."

*

Ijumaa Lusia alivuna kabichi sabini kabla ya wakati wake, afadhali apate kitu kuliko kukosa vyote, akazipeleka kwa bodaboda kwenye kambi ya wageni alikozoea kuuza. Anneth, aliyekuwa akinunulia jiko la kambi, alitoka getini na kalamu sikioni. Alikuwa mtu wa Moshi, mwenye maneno ya heshima na macho ya haraka. Aliichukua kabichi moja, akaibonyeza. Iliingia ndani kama mpira uliopungua upepo.

"Mama Angela, hizi sizichukui."

"Maji yamekuwa ya shida, mwanangu. Za juma lijalo zitakuwa nzuri."

"Za juma lijalo naagiza Arusha." Anneth aliirudisha kabichi kwenye gunia kwa mikono miwili, kwa upole uliouma kuliko kama angeitupa. "Si mboga tu. Wageni wetu wawili walitembezwa juzi kwenda kuona maporomoko. Wamekuta jiwe limekauka na visiki pembeni. Wakauliza kama wameletwa sehemu sahihi. Bosi amesema hatupeleki tena watu huko."

"Na ile fedha ya kijiji ya kuingilia msituni?"

"Mgeni asipoingia, analipia nini? Si mliwahi kununulia friji ya chanjo kwa hiyo fedha? Basi." Akalegeza sauti. "Mwambie mzee Silvanus atafute aliyefanya. Yeye watu wanamsikiliza."

Lusia alirudi na kabichi zake zote sabini. Njiani bodaboda alimuuliza kama apite nyuma, njia isiyo na watu. Alikataa mwanzo, kisha akakubali.

Wiki zilizofuata, bomba la chini la kijiji, ambalo nalo lilitegemea chemchemi ileile, lilianza kutoa maji kwa saa mbili tu, halafu saa moja. Wanawake walipanga ndoo tangu alfajiri. Walimlaani aliyekata. Walimwombea kuharisha damu, watoto wake wasizae. Lusia alikuwa kwenye foleni pamoja nao, na mara moja, walipomtazama kwa kuwa alikuwa kimya mno, naye alilaani. Usiku huo hakula.

*

Alimsikia Selestina kabla hajamwona, akija mbio akivuka shamba la mahindi.

"Wamemkamata! Mgambo wamemkamata Koinet. Walimkuta kwenye banio na panga, ananywesha ndama. Wamempeleka ofisini. Mkutano ni sasa hivi."

"Nani kasema ni yeye?"

"Kila mtu. Nani mwingine analala kule? Mumeo aliuliza tu kwenye kamati, nani anakaa karibu na msitu. Tukajua wenyewe."

Kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji watu walikuwa zaidi ya mia mbili. Koinet alikuwa ameketishwa chini katikati, shuka lake limechanika begani, jicho la kushoto limevimba likafunga. Hakulia wala hakubishana. Alikuwa ameshaulizwa na kujibu, na majibu yake yalikuwa yamechekwa. Nyuma ya umati alisimama mtu mrefu aliyekuja kwa miguu kutoka Endulen. Alikuwa Metui, kaka yake, na mgambo wawili walikuwa wamejiweka mbele yake.

Mwenyekiti wa kijiji, mzee Raphaeli, alisoma uamuzi kutoka kwenye karatasi. Mbuzi wote kumi na wawili wa Koinet watachukuliwa na kijiji. Yeye atahama kabla ya Jumapili. Akirudi, polisi.

"Niliwaambia," Koinet alisema kwa Kiswahili chake kizito. "Mimi nilisikia mashine. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa maji, nikamwambia."

Watu wakamtazama Silvanus, aliyeketi kwenye kiti cha meza kuu na fulana yake ya kijani.

"Alikuja," Silvanus alisema. "Mwizi naye huwa anapiga kelele ya mwizi."

Watu wakacheka. Lusia aliona bega la Koinet likishuka kidogo, si kwa hofu, bali kama mtu anayeweka chini mzigo aliodhani angesaidiwa kuubeba. Ni bega hilo ndilo lililomnyanyua. Hakujua amesimama mpaka aliposikia kimya.

"Siyo yeye," alisema. "Muacheni na mbuzi wake."

"Mama Angela, kaa chini," mzee Raphaeli alisema. "Nafasi ya maswali imepita."

"Siulizi. Nasema siyo yeye. Nimewaona waliokata. Ni vijana wa mfanyabiashara wa mbao, kutoka Karatu mjini. Wana Fuso. Fuso haipiti kwenye mlango wa Koinet, inapita kwenye kizuizi. Na kizuizi kina kufuli."

Minong'ono ikaanza. Silvanus alitazama meza. "Mke wangu hana usingizi siku hizi," alisema, bila kunyanyua kichwa. "Kabichi zake zimekufa. Msameheni."

"Kwa nini anamtetea Mmasai?" mwanaume mmoja aliuliza kutoka pembeni.

Aliyemjibu alikuwa Selestina, tena kwa sauti kubwa, sauti ya mtu ambaye karoti zake zote zimekuwa majani ya kutupa. "Ng'ombe wake wawili wanachungwa na huyo! Kila jioni Mama Angela anampelekea maziwa mlangoni kwake. Mumewe akiwa kwenye vikao, nani anajua wanachunga nini kingine!"

Uwanja ulilipuka. Walipiga makofi, wengine wakapiga miluzi. Kina mama aliosimama nao bombani walifunika midomo kwa kanga wakicheka. Lusia alibaki amesimama. Alitafuta mahali pa kuweka macho, na mahali pekee palipokuwa wazi palikuwa uso wa mumewe.

Silvanus alikuwa amenyanyua kichwa. Alimtazama Selestina kwanza, kisha umati. Alisimama taratibu, akishika ukingo wa meza.

"Mwacheni mke wangu," alisema.

Hawakumsikia. Akapiga meza kwa kiganja.

"Nimesema mwacheni! Huyu mwanamke hajawahi kunifanyia ubaya hata siku moja. Aliyefungua kizuizi ni mimi. Mti wa kwanza mpaka wa mwisho, ni mimi. Huyu mtu," akamwonyesha Koinet, "alikuja kwangu kama mtu kwa mtu, nami nikamtupia kesi yangu. Mwachieni."

Hakuna aliyesogea. Kisha mwanamke mmoja mbele akatupa kandambili yake, ikampiga Silvanus kifuani, juu ya yale maandishi, ikaanguka mezani. Ya pili ilikuja na jiwe.

*

Maofisa wa misitu walimchukua Silvanus siku hiyohiyo, na hilo lilimwokoa. Philbert hakupatikana, duka lake la mbao mjini lilifungwa juma moja, likafunguliwa tena chini ya jina la mkwewe. Kesi ya Silvanus iliahirishwa, ikaahirishwa tena, naye akawa mahabusu.

Koinet hakungoja Jumapili. Kesho yake Lusia alikwenda kibandani kwake na chupa ya maziwa, bila kujificha, kwa kuwa tusi lilikuwa limeshatukanwa. Alimkuta yeye na Metui wakifunga vyombo. Mbuzi walikuwa tisa. Watatu walikuwa wamechinjwa na mgambo wengine jana, mkutano ukiendelea.

"Nitawalipa hao watatu," Lusia alisema. "Nina ng'ombe wawili."

"Baki nao, mama." Koinet aligeuza kichwa ili amwone kwa jicho lililokuwa wazi. "Wewe umesema. Lakini watu wale walikuwa wananijua miaka sita. Nimewatoa ng'ombe wao kwa chui. Siwezi kukaa."

Metui hakumsemesha kabisa. Alipokea maziwa, akayamimina kwenye kibuyu, akamrudishia chupa.

Oktoba ikaisha. Shamba la Lusia likawa vumbi na vichwa vya kabichi vilivyokauka kama karatasi. Lazaro aliuza mashine yake ya kupulizia dawa, akaenda kutafuta vibarua vya vitunguu Mang'ola. Wengine walifuata. Bombani, Lusia alipofika, wanawake hawakumfukuza. Walisogeza tu ndoo zao, kila mmoja kidogo, mpaka ndoo yake ikajikuta ya mwisho. Selestina alikuwa akitazama upande mwingine. Hakuomba radhi, na Lusia hakuidai.

Katikati ya Novemba Angela alirudi na sanduku lake. Chuo kilikuwa kimewapa wasiolipa ada majuma mawili, kisha mlango. Alikuwa ameshasikia yote kwa simu kutoka kwa watu wengine, kila mtu kwa namna yake. Alimsalimia mama yake, akala ugali bila kusema, akaosha vyombo.

Siku tatu baadaye mvua ilikuja.

Watu walitoka nje kuipokea. Ilinyesha mchana kutwa, kubwa, ya moja kwa moja, na kwa saa ya kwanza watoto waliimba ndani yake. Saa ya pili mlima ulianza kunguruma. Pale palipokuwa na miti hapakuwa na cha kuyashika maji. Yalishuka yote pamoja, mekundu, yamebeba magogo yaliyoachwa, mawe, na udongo wa mteremko mzima. Yalipita juu ya banio, yakaufukia mfereji tangu juu hadi kwa Selestina, yakaingia shambani kwa Lusia na kuacha tope lililofika magotini. Jioni mvua ilipokata, maji yote yalikuwa yamekwenda zake bondeni. Bomba halikutoa hata tone.

Asubuhi Lusia alichukua jembe na koleo. Angela alimfuata bila kuitwa, akiwa amevaa buti za baba yake. Walipanda mpaka mahali banio lilipokuwa. Palikuwa pamelala tope laini, limesawazishwa vizuri kama sakafu.

Walichimba mpaka jua likawa kali. Wengine walipita chini wakawaona, hakuna aliyepanda. Angela alikuwa na malengelenge tayari; mikono yake ilikuwa imezoea glovu na sindano. Alisimama kupumzika, akageuka kutazama mteremko, visiki vikiwa vimeoshwa na mvua, vyeupe kimoja kimoja mpaka juu.

"Mama," alisema, "vyangu ni vipi?"

Lusia aliendelea kuchimba. Koleo lilikwaruza kitu, akainama na kupapasa kwa mkono. Lilikuwa jiwe tu, si ukuta wa banio.

"Mama. Nakuuliza. Ni miti ipi iliyokatwa kwa ajili yangu?"

"Sijui," Lusia alisema. Alijinyoosha kwa shida, akaitazama ile miti isiyokuwepo, kisha akamtazama mwanawe. "Sijui, Angela. Nadhani hata baba yako hajui."

Akampa koleo, yeye akachukua jembe, wakaingia tena kwenye shimo. Kulikuwa na unyevu chini, lakini ulikuwa wa mvua ya jana.